Mchungwa wa Sadaka Uliozaa Malimau



Alipofariki mama yetu, sisi wanawe tuliketi tukashauriana ni sadaka gani tumtolee itakayodumu. Mmoja wetu alitaja kisima, mwingine akataja mikeka ya msikiti. Uwezo wetu haukufika kwenye kisima, na mikeka ilikuwa imekwisha kutolewa na wengine. Mwishowe tukakubaliana tupande mchungwa. Marehemu alipenda machungwa, na nyuma ya ua wetu hapa Tanga ipo madrasa ambayo watoto wake hupita mlangoni petu kila alasiri. Tukakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kila kitakacholiwa humo na ndege, mwanadamu au mnyama huwa ni sadaka yake.

Tulinunua mche mmoja wa kubebesha kando ya barabara ya Muheza, tukaupanda mwanzoni mwa masika kwa bismillahi na dua. Mche ulishika, kisha ukakua kwa kasi iliyowashangaza majirani. Katika mwaka wa pili ulitoa matawi marefu yaliyonyooka, yenye majani mapana na miiba mirefu. Tulifurahi, tukasema baraka imeshuka.

Mwaka wa tano ukazaa. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, tuliwaita watoto wa madrasa tukawagawia matunda ya kwanza. Kijana wa kwanza kuuma alifumba macho yote mawili, akayatema aliyoyatafuna, kisha kwa adabu akatuambia, "Ahsanteni, lakini hili ni limau." Tukaonja. Lilikuwa limau kweli, tena lile la kienyeji lenye ganda nene la vinundu.

Wapo waliosema mti umerogwa. Sisi tulisema tumedhulumiwa, na kwa miezi kadhaa tulimlaumu yule muuzaji wa miche kila tulipopita mahali alipokuwa akiuzia. Hata siku moja akatutembelea mzee mmoja, mkulima wa michungwa kwa miaka mingi. Hakutazama matunda wala majani. Alipiga magoti mguuni pa mti, akaufukua udongo kwa vidole, akatuonyesha kigutu kilichooza, kinene kama kidole gumba, kilichozungukwa na gome la shina jingine.

"Wanangu," alisema, "muuzaji hakuwadhulumu. Mchungwa aliwapa. Nyinyi wenyewe mliuzika."

Makala haya tunayaandika ili msomaji asiuzike wake.

MITI MIWILI NDANI YA MCHE MMOJA

Mche wa kubebesha si mti mmoja. Ni miti miwili iliyounganishwa ikaishi kama mmoja. Wa chini, wenye mizizi, ni mlimau wa kienyeji, au mdanzi, au jamii nyingine yenye mizizi imara. Wa juu ni ule tunaoutaka: mchungwa, mchenza, mbalungi au mndimu. Mtaalamu huchukua jicho la mti mzuri, yaani lile chipukizi dogo linalolala kwenye pembe ya jani na tawi, akalipachika chini ya gome la mche wenye mizizi imara. Jicho likishika, kichwa cha mche wa chini hukatwa, na lile jicho ndilo linalokua kuwa mti.

Mahali ilipounganika miti hii huitwa kiungo. Ukitazama mche kwa makini utakiona: uvimbe mdogo au kona kwenye shina, kwa kawaida shubiri moja au zaidi juu ya udongo. Chini ya hapo ni mlimau, na juu yake ni mchungwa. Miti hii hushirikiana maji na chakula, lakini haichanganyiki tabia. Tawi litokalo juu ya kiungo litazaa machungwa, na litokalo chini yake litazaa malimau hata likae hapo miaka ishirini.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Ishbilia, mji ambao leo huitwa Sevilla, aliandika Kitab al-Filaha, kitabu kikubwa cha kilimo, na humo akaeleza kwa kirefu namna za kuunganisha miti ya matunda. Na mdanzi, ambao hapa kwetu huonekana kuwa mti wa kutia ladha ya achari tu, ni miongoni mwa miti ambayo Waarabu waliifikisha na kuieneza kando ya Bahari ya Kati.

KWA NINI TUSIPANDE KOKWA TU?

Swali hili huulizwa na wengi, na jibu lililozoeleka ni kwamba kokwa la chungwa halitoi chungwa kama la mamaye. Jibu hilo ni la kweli kwa embe nyingi, ila kwa chungwa tamu haliko sawasawa. Kokwa moja la chungwa mara nyingi huotesha miche miwili au mitatu, na mingi kati ya hiyo hufanana sana na mti mama.

Shida ya kokwa ni nyingine. Kwanza, mti wa kokwa huchelewa: miaka sita, minane au hata kumi hupita kabla ya kuzaa, ilhali mche wa kubebesha huanza kuonyesha matunda kati ya mwaka wa pili na wa nne. Pili, mti wa kokwa huwa na miiba mingi na hurefuka sana, jambo lisilofaa katika ua wenye watoto. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, mizizi na gome la chini la mchungwa mtamu ni dhaifu mbele ya ugonjwa wa kuoza uletwao na unyevu wa udongo. Tunabebesha ili mguu wa mti uwe wa jamii inayostahimili.

Hata hivyo hakuna mguu usio na kasoro. Mlimau wa kienyeji hustahimili ukame na hupenda udongo wa kichanga, ndiyo maana umefaa sana katika mkoa wa Tanga, ingawa hauvumilii sana maji yaliyotuama. Mdanzi huvumilia udongo mzito wenye unyevu, lakini una adui wake. Kuanzia miaka ya 1930, mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi ilikufa huko Argentina na Brazil kwa ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari weusi. Wenyeji wakauita tristeza, maana yake huzuni. Virusi hivyo vipo Afrika pia. Kwa hiyo anayetaka chungwa tamu asibebeshe juu ya mdanzi, na anunuapo mche amuulize muuzaji, "Umebebesha juu ya nini?" Muuzaji mwaminifu atajibu bila kusita.

KUCHAGUA MCHE

Usiuchague mche kwa urefu wake. Mche mrefu uliokaa kwenye kiriba kwa muda mrefu huwa na mzizi mkuu uliojikunja kama ndoano, na mzizi wa namna hiyo haujinyooshi tena. Chagua mche wa wastani wenye shina moja lililonyooka, majani ya kijani yasiyo na mabaka, na kiungo kilichofungana vizuri, kisichovuja utomvu.

Kisha tazama mambo mawili ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni nailoni iliyofungiwa jicho. Ikiwa bado imezunguka shina, ikate kwa uangalifu upande wa nyuma ya jicho. Tumeona miche iliyonyongwa na utepe huo mwaka mzima baada ya kupandwa, huku mwenyewe akidhani inakosa mbolea. La pili ni umbali wa kiungo kutoka kwenye udongo. Kikiwa chini sana, chini ya upana wa kiganja, uache mche huo. Kadiri kiungo kinavyokuwa juu, ndivyo mchungwa unavyokuwa mbali na matope.

Kuhusu aina, Valencia huchelewa kukomaa na husifika kwa maji mengi. Washington Navel haina kokwa, ni rahisi kuimenya, na huipendeza zaidi nyanda zenye ubaridi kiasi. Katika ua mdogo, mndimu au mchenza hufaa zaidi kwa kuwa hautanuki sana.

SHIMO NA KINA

Chagua mahali penye jua kwa sehemu kubwa ya siku, mita tatu au zaidi kutoka kwenye ukuta wa nyumba, na mbali na shimo la maji machafu. Miti ikiwa zaidi ya mmoja, iachanishe mita sita hivi. Tazama pia upande wa jirani, kwani tawi litakaloingia uani kwake ni haki yake kulilalamikia.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na sentimita 60 kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Kabla ya kufanya lolote, lijaze shimo maji. Yakiwa yamenywea kabla ya siku kwisha, mahali panafaa. Yakilala mpaka kesho, usipande hapo. Hamia kwingine, au inua tuta pana na upande juu yake. Mti wa jamii ya michungwa hupenda maji yanayopita na huchukia maji yanayokaa.

Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Rudisha mchanganyiko shimoni, uache ushuke kwa wiki moja au mbili, kisha panda mwanzoni mwa masika au vuli. Chana kiriba chote ukitoe. Usidanganywe na anayesema kitaoza chenyewe.

Sasa tunafika kwenye kosa letu. Sisi tulichimba shimo lefu, tukautumbukiza mche mpaka kiungo kikazama, tukashindilia udongo kuuzunguka kama mtu asimikaye nguzo. Tuliona kina ndicho kinachotia nguvu. Kanuni sahihi ni hii: uso wa udongo uliokuwa ndani ya kiriba uwe sawa na uso wa ardhi, au juu yake kidogo, kwa sababu udongo mpya utashuka. Ukimaliza kupanda, simama utazame. Ikiwa hukioni kiungo kikiwa wazi na kikavu, umepanda vibaya. Ung'oe siku hiyo hiyo uurudie.

MAJI NA MATANDAZO

Mche mchanga huhitaji maji ya kutosha kwa vipindi kuliko maji kidogo ya kila siku. Wakati wa kiangazi, katika udongo wa kichanga, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki hutosha kwa mwaka wa kwanza. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, punguza. Chimba kwa kidole: kama chini ya urefu wa kidole pana unyevu, subiri.

Tengeneza beseni la udongo kuuzunguka mche, lakini ndani ya beseni hilo acha kilima kidogo kinachozunguka shina, ili maji yakae pembeni na shina libaki kavu. Mizizi inayonywa haipo shinani, ipo chini ya kivuli cha ncha za matawi. Kwa hiyo beseni lipanuliwe kila mwaka kufuata kivuli hicho.

Katika nyumba zetu yapo maji yanayomwagika mara tano kila siku bila ya kutufaa tena: maji ya udhu. Ni maji yasiyo na sabuni, na mfereji mdogo wa kuyapeleka kwenye mti ni kazi ya asubuhi moja. Yaelekezwe kwenye beseni, yasielekezwe shinani, na ikiwa nyumba ina watu wengi yagawanywe kwa miti miwili au mitatu, kwani baraka ya maji nayo ina kipimo chake.

Tandaza majani makavu au nyasi juu ya beseni ili kuhifadhi unyevu. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina. Matandazo yaliyolundikwa shinani hufanya kazi ile ile iliyofanywa na udongo wetu.

VICHIPUKIZI VYA CHINI

Mlimau wa chini haujafa, unatumikia tu. Kila upatapo nafasi hutoa chipukizi lake mwenyewe, na chipukizi hilo lina nguvu kuliko mchungwa kwa kuwa limekaa karibu na mizizi. Likiachwa msimu mmoja huupita mchungwa, na likiachwa miaka miwili huunyima chakula mpaka ukauke. Hayo ndiyo yaliyotokea kwetu. Gome la mchungwa lilioza ndani ya udongo, na yale matawi marefu tuliyoyashangilia mwaka wa pili yalikuwa ya mlimau ukirithi mahali pa marehemu.

Namna ya kuyatambua ni rahisi. Tazama linapotokea: chini ya kiungo au juu yake. Kama una shaka, chukua jani ulifikiche unuse. La mlimau hunukia limau. La mdanzi hutambulikana kwa kikonyo chake chenye bawa pana, kama jani dogo lililotangulia jani kubwa. Bawa la mchungwa mtamu ni jembamba.

Pita kila wiki mbili ukague mguu wa mti. Chipukizi likiwa bado laini, livunje kwa kidole gumba kwa kulisukuma pembeni, ling'oke na kitako chake. Ukingoja mpaka likakomaa na kukatwa kwa kisu, macho yaliyobaki pembeni yatatoa matatu badala ya moja. Kazi hii wanaiweza watoto, na tunashauri wapewe wao. Mtoto aliyekabidhiwa mguu wa mti huujua mti huo maisha yake yote.

GUNDI SHINANI

Ukiona utomvu mzito kama gundi unachuruzika kwenye gome karibu na ardhi, na gome hilo limelowa na kuwa la kahawia, ujue mti umepatwa na uozo uletwao na vimelea vinavyoishi katika udongo wenye maji. Majani huwa manjano, matawi hukauka kutoka nchani, na baadaye mti wote hufa. Wengi huona majani wakatia mbolea, na mti ukafa ukiwa na mbolea yake.

Dawa ya kwanza ni jembe. Ondoa udongo wote uliolala shinani mpaka mizizi ya juu ianze kuonekana, shina lipigwe na upepo. Kwangua gome lililooza mpaka ufike penye uhai, kisha paka dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wazee walipaka mchanganyiko wa mrututu na chokaa, na asili ya dawa hiyo ni hiyo hiyo shaba. Kama uozo haujalizunguka shina lote, mti una matumaini.

Mfano wa matumaini hayo upo mbali, katika mji wa Riverside, California, Marekani. Ile aina ya Washington Navel tuliyoitaja haina kokwa, na kwa hiyo kila mti wake duniani umetokana na kubebesha. Asili yake ni Bahia, Brazil. Mwaka 1873 Bi. Eliza Tibbets alipanda miche yake ya mwanzo huko Riverside, na mmojawapo ungali hai hadi leo. Mwaka 1918 mti huo ulikuwa ukifa kwa uozo wa mguuni. Wataalamu walipanda miche michanga yenye mizizi imara kuuzunguka, wakaunganisha vichwa vya miche hiyo kwenye shina juu ya mahali palipooza, na mti mzee ukapata miguu mipya. Mti ulioeneza jamii yake duniani uliokolewa kwa kutazamwa mguu.

KUSOMA MAJANI

Majani nayo yana lugha yake. Yakiwa manjano yale ya zamani, mti unahitaji samadi au mbolea yenye naitrojeni. Yakiwa manjano yale mapya huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa zinki, chuma au manganizi. Samadi iliyooza, ndoo mbili kwa mwaka kwa mti mchanga, mwanzoni mwa mvua, hukidhi mengi ya hayo.

Viwavi wenye sura ya mavi ya ndege juu ya majani mapya ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kwa miti ya nyumbani waokote kwa mkono. Njia nyembamba za fedha zilizojipinda juu ya jani ni za kiwavi mchimba majani. Huchukiza macho, lakini mti mkubwa huvumilia. Mche mdogo unyunyizie maji ya mwarobaini majani mapya yachomozapo. Vidukari wakizidi pamoja na sisimizi, waanze sisimizi, kwani hao huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao. Matunda yaliyoanguka na kuoza yaokotwe yafukiwe kwa kina, kwa sababu nzi wa matunda hukulia humo.

Lipo jambo moja la kuogopwa zaidi. Kunja jani la manjano kwa urefu, katikati ya mshipa wake. Ikiwa manjano ya kulia yanalingana na ya kushoto, huenda ni njaa ya udongo. Ikiwa mabaka hayalingani, na matunda ni madogo, yamepinda upande na yanabaki kijani chini, huenda ni ugonjwa wa kijani, ambao wataalamu huuita huanglongbing. Huenezwa na psilidi, mdudu mdogo mno arukaye, na kwa macho ya miti yenye ugonjwa inapobebeshwa. Katika jimbo la Florida, Marekani, uligunduliwa mwaka 2005, na mavuno ya machungwa ya huko leo hayafikii robo ya yalivyokuwa mwanzoni mwa karne hii. Ugonjwa huu upo Afrika Mashariki, na psilidi wa Kiasia amekwisha kuonekana Tanzania na Kenya. Hauna tiba. Ukishuku, mwite afisa kilimo, na usigawe jicho wala mche kutoka kwenye mti huo hata kwa ndugu yako. Zawadi ya mche mgonjwa ni msiba kwa mtaa mzima.

TULIVYOUREJESHA MCHUNGWA

Tulimuuliza yule mzee kama tuung'oe mlimau wetu. Akacheka. "Mizizi ya miaka mitano mtaing'oa ya nini? Mnayo nyumba yenye msingi. Aliyehama ni mpangaji."

Mvua za masika zilipoanza tuliukata mti, tukaacha kisiki cha urefu wa goti, tukapaka chokaa kuzuia jua lisiunguze gome. Vichipukizi vikatoka vingi, tukabakiza vitatu vilivyo imara. Vuli ilipofika vilikuwa vimefikia unene wa penseli, na gome lake likibanduka kwa urahisi, ambayo ndiyo dalili ya wakati wa kubebesha.

Mzee alileta kijiti cha mchungwa kutoka mti wake ambao alikuwa ameujua kwa miaka mingi kuwa unazaa vizuri na hauna maradhi. Aliyaondoa majani akabakiza vikonyo vyake. Kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti alikata gome la chipukizi kwa umbo la herufi T, akalifungua kama mlango. Akalivua jicho pamoja na kipande chembamba cha gome, akaliteremsha ndani bila kuligusa upande wa ndani, akafunga kwa ukanda wa nailoni na kuacha jicho wazi. Kazi hiyo haikuzidi dakika mbili kwa kila jicho.

Baada ya wiki tatu alirudi, akagusa vikonyo kwa ncha ya kidole. Viwili vilidondoka mara moja, na macho yake yalikuwa ya kijani: yameshika. Cha tatu kilikuwa kimekaukia mahali pake, hakikudondoka: kimekufa. Alifungua nailoni, akazikunja shina za mlimau juu ya macho ili nguvu irudi kwao, na yalipochipua akazikata. Mwaka uliofuata tulibakiza moja lililo imara zaidi. Safari hii kiungo kipo juu ya goti, mbali na udongo na mbali na ujinga wetu.

Matunda machache ya kwanza tuliyapunguza yakiwa madogo, ili mti ujenge matawi kabla ya kulea. Mwaka jana ulizaa kwa haki yake. Wale watoto wa madrasa wa siku ile sasa ni vijana, na wamekuja wadogo zao. Hao hawajui kisa cha limau. Huchuma wakaenda zao.

Kabla hatujaagana naye, tulimweleza mzee huzuni iliyokuwa imetukaa, kwamba miaka mitano ya sadaka ya mama yetu ilipotea. Akatuuliza yale malimau yalikwenda wapi. Tukamwambia kwamba jirani zetu waliyachuma kwa samaki, na wenye mafua wakayatia katika chai. "Basi yaliliwa," alisema. "Thawabu hajui kuigawa ila Mwenyezi Mungu. Nyinyi kazi yenu ni kuutazama mguu."

Nasi twamalizia hapo, ndugu msomaji. Ikiwa unao mti wa kubebesha uani kwako, leo kabla ya Magharibi toka nje, piga magoti, ufukue udongo kwa vidole. Ukikiona kiungo kipo wazi na kikavu, mshukuru Allah. Ukiwa hukioni, chukua jembe.

Wabillahi tawfiq.